Bampa la Shemeji Magige

Bweri, Musoma
Jumatano, 23 Septemba 1992

Kwa dada yangu mpendwa Dafroza,

Pokea salamu za mdogo wako na za wote waliomo katika nyumba hii ya Bweri. Mguu unaendeleaje? Nimeuliza mguu kabla ya kitu kingine chochote, na mbele utaona kwa nini. Tereza na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Huku kwetu tunapumua, isipokuwa mafua ya vumbi, maana kila mtu hapa Bweri siku hizi anajenga na mchanga wote unaishia puani mwetu. Wifi yako Wegesa naye anakusalimu, ila salamu zake nimeziweka mwisho kwa sababu ameniagiza mwenyewe ziwe huko.

Barua hii utaipata mkononi kwa Petronila wa dagaa. Usiisome mbele ya mtu, na ukimaliza itie motoni. Ninachokuomba nakisema mapema, ili usije ukahangaika na mistari kama mimi ninavyohangaika kuiandika: nakuomba uje nyumbani, wewe na watoto, keshokutwa Ijumaa. Nimekaa kuandika, nimesimama, nimezunguka nyumba, nimerudi. Wegesa anasema nikitoka nje tena atafunga mlango na kuninyima chakula.

Basi nianze na habari za kazi, maana humo ndimo mambo yote yalimotokea. Unakumbuka miaka ile ya foleni za sabuni, nilivyokuwa nikiziba mabeseni na madumu ya watu pale Nyasho kwa kisu cha moto. Beseni lilikuwa mali. Mtu alikuwa akilileta limepasuka vipande viwili, amelifunga kwenye kanga kama mgonjwa, na kunisihi nisiliharibu zaidi. Leo mabeseni yamejaa madukani, rangi zote, na likipasuka linatupwa. Nilikaa karibu mwaka mzima nikipepea mkaa wa bure. Halafu yakaanza kuingia haya magari madogo ya Kijapani yaliyotumika, na mabampa yake ni ya plastiki. Mafundi wa gereji wamezoea kunyoosha chuma kwa nyundo, na plastiki ukiigonga kwa nyundo unaimaliza. Wakaanza kuniletea mimi.

La kwanza liliniaibisha. Niliziba kwa plastiki ya beseni jekundu nikidhani plastiki ni plastiki, nikapaka rangi juu, mwenye gari akasifu. Alipofika Bunda kiraka kilikuwa kimebanduka kinaning'inia kama ulimi, na kila aliyemwona stendi alimwambia. Siku hizi nimeelewa. Namega ukingo wa ndani wa bampa lenyewe, mahali pasipoonekana, ndio niuyeyushe kuzibia. Mwisho wa ufa natoboa tundu kwa msumari wa moto ili ufa usiendelee kutembea. Kisha nashona kwa waya mwembamba, kama baba alivyokuwa akishona nyavu pale Kibara, nakaza kwa plaizi, na juu ya mshono ndipo namwaga plastiki na kusugua kwa msasa. Ningekuwa na nafsi tulivu ningekuandikia kurasa juu ya kazi hii, maana naipenda.

Sasa nije kwa shemeji, huyo mumeo. Alhamisi iliyopita Magige alifika kibandani kwangu Nyasho na lile gari lake jeupe, bampa la mbele limepasuka upande wa kushoto, chini, karibu na kona. Alikuwa amelifunga kwa kamba ya manila ili lisidondoke. Alinisalimia vizuri, akanipa sato wawili wakubwa, akasema ni salamu zako. Nilimuuliza kilichotokea. Akasema ni ndama, alimkatiza njia ghafla akiwa anatoka Bunda, na mwenye ndama akakimbia kuogopa polisi. Alicheka, nami nikacheka. Akaniambia Jumamosi hii ana kazi ya kubeba maharusi hapa mjini, kwa hiyo lazima gari lirudi na sura yake, na kwamba kwa kuwa namba ya gari imefungwa kwenye bampa, hawezi kwenda popote bila hilo bampa, askari wa kizuizini wangemla mzima. Angekaa Mwisenge kwa binamu yake mpaka nimalize.

Nakiri kwamba mpaka hapo sikuwa na wasiwasi wowote. Wiki mbili nyuma Petronila alipoleta dagaa zake alinidokeza kuwa unatembelea fimbo, kwamba uliteleza kwenye mawe ziwani ukichota maji. Nilisikitika, nikakutumia dawa ya kuchua, nikadhani nimemaliza wajibu wangu. Ndama wa Bunda na mawe ya Kibara sikuviweka pamoja kichwani.

Kesho yake, Ijumaa, nililifungua bampa nikaliweka juu ya magoti. Ili uzibe ufa lazima uutanue kwanza, uchimbe mfereji mdogo kwa kisu cha moto. Plastiki ya namna hii, dada, ikipigwa kwa kishindo inapasuka na kufunguka, halafu hapohapo inarudi mahali pake na kubana. Ikikuta kitu katikati inakishika. Nimeshatoa humo manyoya ya mbuzi, majani, hata kipande cha ndala. Nilipoutanua ufa wa Magige nikaona kitambaa. Kilikuwa kipande kidogo tu kama ukucha wa dole gumba, kimebanwa kweli. Nilikivuta kwa plaizi. Kilikuwa cha bluu, na pembeni kilikuwa na mdomo wa njano.

Sikukitambua mimi. Ni Wegesa aliyekitambua. Alikuwa ameniletea ugali, akainama kuuliza ninachokitazama. Aliweka bakuli chini, akashika upindo wa kitenge alichokuwa amekivaa, akautandika juu ya goti langu kando ya kile kipande. Ni kile kitenge cha ndege nilichonunua Pasaka, mkagawana nusu kwa nusu, wewe na yeye. Ndege wale wa bluu wenye midomo ya njano. Sasa niambie ni ndama gani wa Bunda anayevaa kitenge.

Dada yangu! Niliacha jiko linawaka, nikaondoka kwa miguu mpaka ziwani Makoko, nikasimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa, nikarudi. Niliporudi nilimkuta Magige amekaa kwenye kigoda changu anakunywa soda. Aliinama juu ya bampa kunionyesha kwa kidole pale ambapo asingependa mshono uonekane, maana maharusi wanapigwa picha. Shingo yake ilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa na chuma chekundu mkononi. Nasema ukweli mtupu, nilikitazama kile chuma na nikaitazama ile shingo. Wegesa alininyang'anya akasema kimepoa, akakirudisha motoni. Hakikuwa kimepoa.

Jioni hiyo nikamtafuta Petronila anakofikia, nikamuuliza tena habari za mguu wako. Mwanzoni alishikilia habari ya mawe. Nilipomwonyesha kitambaa alilia. Akanisimulia kuwa ulisimama mbele ya gari kumzuia mumeo asiondoke na mashine yako ya kushonea, kwamba alikuwa ameipakia nyuma akaiuze, na kwamba hakusimamisha. Alisema uliwaapisha majirani wote wasinifikishie mimi. Alisema ulisema hivi, namnukuu na lugha yake: "Masatu akijua atamrudishaga Wegesa kwao, na mimi sitaki."

Maneno hayo hayajaniacha tangu siku hiyo. Ndiyo yanayoninyanyua kitini.

Maana ni kweli, mimi na wewe tumekuwa tukiviziana kwa kimya. Ng'ombe waliotoka kwa kina Magige siku uliyoolewa ndio waliokwenda Butiama kuniozea Wegesa. Hawakulala hata mwezi kwenye zizi la baba. Na huku kwetu kaka aliyeolea ng'ombe wa dada yake haulizi habari za nyumba ya dada, kwa sababu akiuliza ni kama anasema yuko tayari kuwarudisha, na mke wake naye arudi kwao. Kwa hiyo sikuuliza. Ulipokonda sikuuliza. Ulipoacha kuja Krismasi sikuuliza, nikasema Kibara ni mbali, na wewe unajua kama mimi kwamba si mbali. Nilidhani huko ndiko kukuheshimu. Nawe ukanyamaza ukidhani unailinda nyumba yangu. Tumekosea wote wawili, tena kwa adabu kubwa.

Jumapili nilikwenda Butiama kumwona baba mkwe. Wegesa alitaka twende wote, nikamwambia abaki, nikaogopa asije akaambiwa asirudi. Njia nzima nilipanga maneno. Mzee Matiko unamjua, hana muda wa maneno yaliyopangwa. Nilimkuta zizini na ndama aliyekuwa akiharisha, na kabla sijamaliza kusalimia alinipa kazi ya kumshika kichwa na kumfumbua mdomo, yeye akimimina dawa kwa chupa ya soda. Basi habari yako yote niliitoa nikiwa nimepiga magoti kwenye mavi, ndama ananitemea dawa usoni. Nilisema kwamba mume wa dada yangu amemgonga kwa gari kwa makusudi, kwamba nataka arudi nyumbani, na kwamba Magige atadai ng'ombe wake na ng'ombe wenyewe wako hapa. Nilimwambia sijui nifanye nini ila sitaki kumpoteza binti yake.

Alimimina mpaka chupa ikaisha. Kisha akamwachia ndama, akanawa mikono, akaomba nimwonyeshe kitambaa. Alikitazama sana. Akaniuliza kama mguu umevunjika. Nikasema sijui. Hapo ndipo alipokasirika, tena alinikasirikia mimi. Akasema nimekuja kumweleza habari za ng'ombe hata sijui kama mguu wa dada yangu umevunjika. Akasema yule ndama niliyekuwa nimemshika ni mjukuu wa yule ng'ombe mwekundu aliyetoka kwetu, kwamba wengine walikwenda kumwozea mwanawe Silasi, wengine walikufa, na kwamba hayo ni mambo ya wanaume kukaa na kusemezana mpaka makoo yakauke, na yanaweza kuchukua miaka na hakuna atakayekufa. "Akidai, aje adai kwangu," akasema. "Mimi ndio ninao. Wewe huna hata mkia." Jumamosi, kanisa la Wasabato wenzake likitoka, atakuwa hapa Bweri na fimbo yake. Kitambaa alikitia ndani ya kofia.

Nilirudi nikitaka kucheka na kulia. Nilikuwa nimebeba hofu hiyo miaka yote, naye akaipangusa kama anafukuza inzi. Hata hivyo sikutulia, na sijatulia hadi sasa. Magige akirudi Kibara kabla hujaondoka, hutatoka. Najua. Atasikia harufu ya safari usoni mwa watoto.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hata Petronila halijui, nalo linaniwasha kuliko yote. Bampa la shemeji liko tayari tangu Jumatatu. Dada, lilitoka zuri. Pengine ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, mshono umelala, ukipitisha kidole huusikii. Magige alikuja Jumanne akitarajia kulichukua na kuondoka, akazunguke Kibara siku mbili kisha arudi kwa ajili ya harusi. Nilimsikia akipiga mluzi tangu barabarani. Nililichukua bampa, nikaliweka juu ya jiwe, nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili. Lilipasuka palepale mpaka karibu na taa. Alipoingia alinikuta nimelishika, nikamwambia plastiki imekataa, hii si plastiki kama nyingine, inabidi ipumzike halafu nianze upya. Akanitukana kidogo, akasema ndiyo shida ya kumpa kazi fundi wa mabeseni. Nikamwomba radhi. Leo amekuja tena nikamwambia mshono wa waya bado una joto. Kesho nitamwambia rangi haijakauka. Sijawahi kuharibu kazi yangu kwa makusudi, lakini ningelipasua mara kumi.

Kwa hiyo sikiliza. Magige hana namba ya gari, na bila namba hapiti kizuizini. Mpaka Jumamosi asubuhi yuko mikononi mwangu. Lori la dagaa la akina Petronila linatoka Kibara Ijumaa kukiwa hakujapambazuka vizuri. Amekuwekea nafasi mbele kwa dereva, kwa ajili ya mguu. Chukua watoto, chukua nguo zao za shule, na mashine kama bado ipo. Kama hutaweza kuichukua, iache, tutahangaika nayo baadaye. Kuhusu watoto najua watakachosema, kwamba ni wa ukoo wao. Watasema, na Mzee Matiko atawasikiliza, na mimi nitawasikiliza, wakati Tereza anakunywa uji hapa kwangu. Mkishuka Bunda msitafute gari la Musoma wenyewe. Wegesa atakuwa stendi, amevaa kile kitenge cha ndege ili watoto wamwone kwa mbali. Kutoka hapo mtakwenda naye moja kwa moja kumwona daktari wa mguu kabla ya kufika Bweri. Hilo ni agizo la mzee, si langu.

Mimi nitabaki hapa na Magige. Nitamkaribisha soda. Jumamosi nitalifunga bampa kwenye gari lake mwenyewe, na litakuwa zima kweli, kwa sababu maharusi hawana kosa. Akimaliza kuwapeleka ndipo nitakapomwambia uko wapi, na Mzee Matiko atavua kofia amtolee kile kitambaa.

Kama hutaki kuja, sitakukokota. Utamwambia Petronila hapana, naye atanifikishia, na nitalimaliza bampa na kunyamaza kama nilivyozoea. Lakini usiseme hapana kwa ajili yangu. Sababu hiyo imekwisha, niliiacha zizini Butiama. Kama unayo nyingine ni yako, nami nitaiheshimu, ingawa sitalala.

Wasalimie jirani zako wote waliokutunzia siri, hata wale niliowakasirikia. Mbusu Tereza na mdogo wake. Mungu akushike mkono unapopanda lori, maana ngazi yake ni ndefu na una mguu mmoja mzima.

Zimebaki salamu za Wegesa. Unajua alivyo na mzaha wake wa siku zote, anakuitaga mume wake kwa sababu ng'ombe wako ndio waliomtoa kwa baba yake, na wewe unamjibu kwa kumwomba maji ya kuoga. Nilipomuuliza niandike nini, sikuona mzaha usoni mwake. Alikuwa anapiga pasi kile kitenge. Akasema: "Mwambie mume wangu nyumba ni yake tangu siku niliyoingia. Sisi tulikuwa tunamlindiaga tu. Aje, na asipige hodi."

Ndimi mdogo wako,
Masatu